Maoni ya Sanduku Namba 47

Nchi yangu sitaitaja jina. Msidhani ni woga. Kulitaja jina la nchi katika maandishi kunahitaji kibali, fomu ya kuombea kibali hutumwa kwa posta, na habari ninayowaletea ni ya wakati posta ilipokuwa imegoma. Mtanivumilia. Inatosha mjue kwamba ni nchi nzuri, ina bendera na wimbo, na wananchi wake wanapendwa mno na Serikali yao, hasa wakiwa wamekaa kimya.

Mimi ni Mwalimu Lukindo wa Tengelea, mji mdogo wenye soko, bomba moja la maji na ofisi ya posta yenye milango miwili. Nilifundisha shule ya msingi pale kwa miaka thelathini na minane. Nilipostaafu hawakunipa saa ya ukutani kama walivyompa mwenzangu. Walinipa sanduku la posta, Namba 47, ambalo shule ilikuwa ikilitumia tangu enzi za mkoloni. Nililipokea kwa mikono miwili, wala sikujua kwamba ndani yake nimepewa na watu.

Maana kwetu barua hailetwi nyumbani. Barua huja mpaka kwenye sanduku, na asiye na sanduku hupitia kwa mwenye nalo. Bahasha huandikwa, "Bibi Nang'andu, kwa Mwalimu Lukindo, S.L.P. 47, Tengelea." Waliokuwa wakipitia kwangu walifika mia nne na kumi na wawili. Niliwaandika wote katika daftari la mahudhurio, na kila Jumamosi asubuhi nilisimama chini ya mlingoti wa bendera ya shule nikaita majina ya wenye barua. Nao, watu wazima wenye wajukuu, waliitika "Nipo, Mwalimu!" kwa sababu wengi wao niliwafundisha mimi mwenyewe kuitika hivyo.

Kazi hii nisingeiweza bila Bi Sikudhani. Yeye alikuwa mpanga barua wa posta yetu kwa miaka ishirini na sita, na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza, dawati la pili, mtoto aliyelia siku nzima alipoambiwa herufi zimekwisha. Katika sanduku langu kulikuwa na Saidi Mpopo watatu. Bi Sikudhani aliandika kwa penseli pembeni ya kila bahasha: "wa kisimani", "wa mnadani", "marehemu". Hakuwahi kukosea. Kila tulipokutana aliinama kidogo, "Shikamoo Mwalimu," nami nikajibu marahaba kwa sauti ya mtu anayestahili.

*

Stempu za nchi yetu zina picha ya Mheshimiwa Rais. Upande wa mbele anatabasamu, upande wa nyuma ana gundi. Zamani juu ya kaunta kulikuwa na kisahani chenye sponji iliyoloweshwa maji, unaigusisha stempu yako, unaibandika, unakwenda zako. Wenye haraka walilamba.

Ndipo Waziri wa Mawasiliano na Matarajio, Mheshimiwa Dakta Sifaeli Ngomeni, alipofanya ziara ya kushtukiza ambayo tuliandaliwa kwa wiki tatu. Aliingia posta akamkuta mama mmoja ametoa ulimi. Waziri alishika kifua. "Mwananchi anamlamba Mkuu wa Nchi mgongoni," alisema, "hadharani, bila kula kiapo!"

Kabla mwezi haujaisha ilitoka Sheria ya Heshima ya Stempu. Tangu siku hiyo stempu ililambwa na mtumishi wa posta peke yake, aliyeapishwa, tena akiwa amesimama. Watu wa mbali waliuliza, na sponji je? Waziri aliwajibu redioni kwa upole wa mtu mwenye elimu. "Sponji ni nani? Imezaliwa wapi? Nani kati yenu anayejua msimamo wake? Tutamkabidhije Mheshimiwa Rais kwa kitu kisichoweza kula kiapo?" Nakiri kwamba nilipomsikia niliona ana hoja.

Bi Sikudhani na wenzake sita waliapishwa, wakaanza kulamba. Siku ya mshahara wa walimu au ya kufunga shule, yeye peke yake alilamba stempu mia tisa. Mwezi wa kwanza aliacha pilipili. Mwezi wa pili akaacha chumvi. Mwezi wa tatu nilipita posta nikamkuta ameshika kikombe cha uji uliokuwa umeganda juu.

"Mbona hunywi, mwanangu?"

"Nausubiri upoe, Mwalimu. Nimeanza kuusubiri asubuhi."

Alinionyesha ulimi. Sitawaeleza nilichokiona. Nilimpa pole, nikampa na barua tatu zangu, akazilamba stempu zake mbele yangu, nikasema ahsante.

Wiki ya pili yake, siku ya Jumatatu, wafanyakazi wa posta wa nchi nzima waligoma. Wale saba wa Tengelea walifunga kaunta, wakakaa kwenye benchi la nje, wakaegesha ubao ukutani. Ubao uliandikwa maneno mawili tu: TUNAOMBA SPONJI.

*

Jioni ile ile redio ilitangaza kwamba wananchi wamechukizwa sana na mgomo. Tulishangaa, kwa sababu wengi wetu tulikuwa bado hatujausikia. Lakini redio haina kawaida ya kukosea kuhusu hisia zetu, kwa hiyo baadhi yetu tulianza kuchukizwa.

"Mimi nalamba uzi tangu ujana wangu," alisema Fungameza, fundi cherehani wa sokoni, ambaye naye alipitia kwangu. "Uzi mweusi, uzi mweupe, uzi wa kaniki. Nimemgomea nani? Ulimi nao ni kiungo cha kudekeza?"

"Wewe unalamba kwa hiari yako, tena ncha tu," alijibu Bibi Nang'andu, mama wa miaka themanini, ambaye mjukuu wake yuko migodini kusini na huandika mara moja kwa mwezi. "Yule mtoto analamba shuka zima la stempu. Na anaomba nini? Kaomba gari? Kaomba kitambaa cha maji! Mimi barua yangu naitaka, naitaka sana, lakini sitaki iniletee damu ya mtu."

Fungameza akarudi kwenye cherehani yake. Siku ya tatu nilimwona amewapelekea wagomaji mto wa kukalia, ameushona mwenyewe.

Hivyo ndivyo maoni ya wananchi yalivyobadilika Tengelea. Hakuna aliyehutubia. Watu walipita pale kwenye benchi, wakasalimia, wakajibiwa na watu saba wanaotamka maneno kwa shida, wakaenda zao wakiwaza. Kufikia Ijumaa kulikuwa na vikombe vya uji wa baridi kumi na vinne kwenye ukingo wa dirisha la posta.

Serikali yetu inasikiliza. Waziri alitangaza kwamba mgomo hautaamuliwa kwa nguvu, la hasha, utaamuliwa na wananchi wenyewe kwa njia ya kisayansi. Kila mji utatoa maoni juu ya watumishi wa posta yake. Wananchi wakisema watumishi wana haki, sponji zitarudi. Wakisema Serikali ina haki, watumishi hao wataondoka kazini siku hiyo hiyo, na nyumba za posta watazirudisha kabla ya jua kuzama.

Kisha likaja swali la kitaalamu: mwananchi ni nani? Wataalamu walifungiwa hotelini siku tisa wakatoka na jibu. Watu huzaliwa, hufa, huhama, hubadili majina wakiolewa, na wengine husema hili leo na lile kesho. Kitu kisichohama ni sanduku la posta. Kwa hiyo mwananchi, kwa mujibu wa Tangazo Namba 8, ni mwenye sanduku. Wengine wote ni wapitiaji, na maoni yao yatapitia mlemle zinamopitia barua zao.

Tengelea ilikuwa na masanduku sitini na moja. Fomu nililetewa na Afisa Tarafa kwa pikipiki, kwa kuwa posta ilikuwa imegoma.

*

Nilifanya kazi yangu. Hilo nataka mniandikie. Jumamosi ile nilisimama chini ya mlingoti nikaita majina yote mia nne na kumi na mawili, na kila mtu, badala ya kuitika "Nipo", alisema upande wake. Ilichukua tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilitia alama kwa penseli mbele ya kila jina. Saidi Mpopo marehemu alijibiwa na mjane wake.

Watu kumi na wanne walisema Serikali ina haki. Mmoja wao aliniomba nimfute, akabaki kusema bado anafikiri, kisha akanifuata tena tukiwa tunafunga, akarudi kwenye Serikali kwa ajili ya shamba la kaka yake. Watu mia tatu tisini na wanane walisema watumishi wana haki.

"Wengi wape, Mwalimu," alisema Fungameza.

"Nitawapa," nikasema.

Bibi Nang'andu alinishika mkono. "Mwambie huyo Waziri sisi tunavumilia barua zichelewe. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yangu."

"Nitamwambia, Bibi."

Wale saba walikuwa wamekaa upande wa pili wa barabara, kwenye benchi lao. Bi Sikudhani hakupiga kelele wala hakupunga mkono. Aliinuka tu, akasimama mpaka nilipomaliza jina la mwisho. Nyuma ya posta, katika nyumba ya pili kati ya zile nyumba saba za watumishi, alikuwa na mama yake asiyeweza kutembea, na wote tulijua kwamba kura ile ilikuwa ya paa lililo juu ya kichwa cha mama huyo.

*

Fomu zilijazwa katika ukumbi wa Halmashauri, mbele ya Waziri mwenyewe. Nilipofika mlangoni kijana mwenye suti aliniuliza namba, nikasema arobaini na saba, akaita kwa sauti kubwa, "Mwananchi Namba Arobaini na Saba!" na watu waliokuwa wamekaa wakasimama.

Naomba msimame kidogo nanyi hapo. Nilikuwa nimestaafu miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo hakuna mtu aliyesimama nilipoingia chumbani, isipokuwa kama alikuwa anatoka. Waliniketisha mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto mwekundu. Kulikuwa na soda baridi, na biskuti zimepangwa kwenye sahani kwa mtindo wa duara. Kushoto kwangu alikaa Ngwilizi, mwenye bucha, Sanduku Namba 12, amevaa koti ambalo lilikuwa la harusi yake. Madirishani walijaa wapitiaji waliotufuata kwa miguu.

Waziri alihutubia. "Ninyi sitini na mmoja," alisema, "ndio wananchi. Serikali hii ni yenu. Nchi hii ni yenu." Akatazama madirishani. "Hao wengine tunawapenda pia. Hao ni mazingira."

Tulipiga makofi. Nje nao walipiga, kwa sababu walisikia wanapendwa.

Kisha tukaambiwa tuandike. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha SERIKALI INA HAKI na kingine cha WATUMISHI WANA HAKI, halafu mstari wa idadi ya wapitiaji, halafu mistari mitatu ya sababu. Haikuwa na jina wala namba, kwa kuwa siri ya mwananchi ni takatifu. Waziri akaanza kutembea taratibu kati ya safu, mikono nyuma, akichungulia.

Mimi nimetembea hivyo miaka thelathini na minane. Najua mtoto anavyojisikia hatua zikimkaribia mgongoni. Nilianza na mstari wa idadi, nikaandika 412 kwa mwandiko wa kulaza, na hatua zikasimama nyuma yangu. Nikasikia harufu ya manukato ya limau. Mkono ukanigusa bega.

"Mwandiko huu!" alinong'ona Waziri. "Nani kasema elimu ya zamani imekufa? Endelea, Mwalimu wangu."

Ningependa sana kuwaambia kwamba kulikuwa na bunduki. Hapakuwa na bunduki. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyeniahidi kitu, Bi Sikudhani hakuwahi kunikosea hata siku moja. Nimetafuta kisingizio kila pembe ya nyumba yangu na sijakipata. Mkono ulikuwa begani kwangu, ulikuwa na joto, na nilitaka ukae pale muda kidogo zaidi. Nikatia alama kwenye kisanduku cha kwanza.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na mistari mitatu mitupu, na mimi sijawahi kuacha mstari mtupu. Nikaandika: "Kwa sababu nidhamu ndiyo msingi wa maendeleo." Ni sentensi niliyokuwa nikiiandika kwenye ripoti za watoto ambao sikuwakumbuka sura.

"Vizuri sana," akasema Waziri. Nami, mzee wa miaka sabini na moja, nikafurahi kama mtoto aliyepata kumi kwa kumi. Furaha ile ilidumu mpaka nilipomaliza soda.

Nje Bibi Nang'andu alinisubiri. "Umetufikishia, Mwalimu?"

"Nimefikisha, Bibi."

Na kweli nilikuwa nimefikisha kitu. Alinishika mikono yote miwili akaibusu.

*

Matokeo ya Tengelea yalisomwa na Mkuu wa Wilaya siku iliyofuata, kwenye ngazi za posta. Masanduku thelathini yalisema watumishi wana haki. Masanduku thelathini na moja yalisema Serikali ina haki. Fomu zilichomwa pale pale katika pipa, kwa kuwa maoni yakishahesabiwa yasipochomwa yanaweza kubadilika.

Nilifanya hesabu palepale. Darasa la pili wanaiweza.

Wale saba waliondoka kabla ya jua kuzama, kama sheria inavyotaka. Bi Sikudhani alipakia kitanda na masufuria kwenye mkokoteni. Mama yake alibebwa juu ya kiti na wanaume wanne, akiwa ameshika kandili iliyozimwa, akiuliza kila aliyepita, "Tunakwenda kwa nani?" Walikwenda kwa wifi yake Bi Sikudhani, anayepika chapati nyuma ya soko katika chumba kimoja. Mimi niliwashikia mkono wa kiti upande wa kushoto. Watu waliniona, wakasema, tazameni Mwalimu alivyo na utu.

Sasa Serikali ilikuwa na ofisi za posta na haina ndimi. Magunia ya barua yalifika darini. Ikabidi wataalamu warudi hotelini, na safari hii walitumia siku mbili tu. Waligundua kwamba sponji, ingawa haiwezi kusema, inaweza kukamuliwa. Ilifanyika sherehe Tengelea, na bendi ya polisi ikaja. Mkuu wa Wilaya aliisomea sponji kiapo kifungu kwa kifungu, karani akaikamua mara tatu kwa kila kifungu, na kila tone likahesabiwa kuwa neno. Sponji ilikuwa mpya, rangi ya waridi. Ilipomaliza kuapa iliwekwa kwenye kisahani chake juu ya kaunta, pale pale ilipokuwa zamani, na wananchi tukaishangilia.

Bi Sikudhani alikuwa nyuma ya umati na kapu la chapati kichwani. Alitazama mpaka mwisho, kisha akaendelea kuuza.

*

Penye thelathini na moja kwa thelathini, kila mtu humtafuta huyo mmoja. Tengelea ilimtafuta kwa bidii. Walimtaja mwenye hoteli, wakamwacha. Walimtaja padri, wakatubu. Mwishowe walimwangukia Ngwilizi wa bucha, kwa sababu siku ya fomu alikula biskuti nyingi, na mtu anayekula biskuti za Serikali kiasi kile lazima awe amezifanyia kazi.

Ngwilizi aliapa kwa baba yake na kwa mizani yake. Haikusaidia. Watu waliacha kununua nyama kwake, wakawa wanakwenda mji wa jirani kwa saa tatu za miguu kufuata nyama ngumu. Nzi walijaa buchani. Mke wake alikuja kwangu akilia kwamba watoto wanazomewa kisimani.

"Mwalimu, wewe unasikilizwa. Waambie mume wangu siye."

"Nitawaambia, mama."

"Na ukiwaambia, wataamini?"

Nilimfungulia mlango. Nilikuwa naijua fomu ile ya mmoja, na mkono ulioijaza.

Siku mbili baadaye alikuja Bi Sikudhani mwenyewe. Aliinama mlangoni. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Ulimi ulikuwa unapona, alizungumza vizuri zaidi. Alisema ameandika barua za kuomba kazi sehemu nne, na kwamba zamani anwani yake ilikuwa posta yenyewe, sasa hana. "Nimekuja kuomba nipitie kwako."

Nilifungua daftari. Nikamwandika, wa mia nne na kumi na tatu, jina lake na la baba yake.

"Nilitaka nikushukuru pia," akasema. "Waliosimama nasi ni thelathini tu. Wengine siwajui. Wewe nakujua." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mama kila akiomba dua anakutaja."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sikusema. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi, nikakaa na kikombe changu cha uji, nao ukapoa na kuganda juu, sikuweza kuumeza. Mimi ulimi wangu ni mzima kabisa.

*

Jumamosi nilivaa koti langu la kufundishia. Watu walijaa chini ya mlingoti, maana barua zilikuwa zimeanza kutoka tena, japo siku hizi Saidi Mpopo wawili na mjane wa yule marehemu walikuwa wanasomeana barua, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuandika pembeni kwa penseli. Sikufungua mfuko wa barua. Nilisema:

"Yule mmoja ni mimi."

Walisubiri niendelee, wakidhani ni fumbo la kufungulia somo.

"Ngwilizi hana kosa. Nyinyi mlisema watumishi wana haki, mia tatu tisini na wanane. Mimi nikaandika Serikali ina haki, kwa mkono wangu, na sababu nikaweka. Nimewasaliti nyinyi na nimemtoa Bi Sikudhani nyumbani kwake."

Fungameza akacheka, kicheko kizito cha mapenzi, akageukia wenzake. "Mmesikia? Anamkinga Ngwilizi! Mzee huyu moyo wake ni wa namna gani?"

"Simkingi mtu. Nasema kweli."

"Jamani, tufikiri," akasema Fungameza, akiinua kidole kama nilivyomfundisha. "Mwalimu hasemi uongo. Sivyo? Alituambia amefikisha. Basi alifikisha. Kama alifikisha, hili la leo si kweli. Na kwa kuwa Mwalimu hasemi uongo, basi kuna watu wamemlazimisha."

"Wamemlazimisha!" wakaitika.

"Walimjia nyumbani," akasema mwingine. "Mke wa Ngwilizi nilimwona mimi akitoka pale analia."

"Hapana, ni wale wa wilayani, wanataka tumchukie."

Ngwilizi alipasua umati, machozi yanamtoka, akapiga magoti kwenye vumbi akanishika miguu. "Umejitwisha mzigo wangu, Mwalimu. Mbele za watu! Sitausahau." Na watu, walipoona mtu aliyeshukiwa analia kwa shukrani, wakaona kwamba mwenye kosa hawezi kulia hivyo, wakaanza kumpa mikono. Bibi Nang'andu alisema, "Mtu akikubali kuchukua aibu ya mwenzake, huyo ni wa peponi." Wakapiga makofi. Nilipaza sauti, "Ni mimi! Ni mimi!" na kila niliposema, makofi yaliongezeka. Mwishowe nilifungua mfuko, nikagawa barua, kwa kuwa zilikuwa za watu.

Waliondoka kwa vikundi, wakinipungia. Walipoisha, Bi Sikudhani alikuwa bado amesimama pale upande wa pili wa barabara. Aliweka kapu chini, akavuka, akaja mpaka mbele yangu. Nilisubiri shikamoo. Tangu akiwa mtoto hajawahi kunikosesha.

"Mimi nimekuamini," akasema.

Nilifungua mdomo. Akanionyesha daftari kwa kidevu.

"Lile jina langu, lifute."

"Barua zako za kazi, mwanangu, zitakuja wapi?"

"Lifute, Mwalimu."

Nilikuwa nimeliandika kwa wino, na wino haufutiki kirahisi. Nilikwangua kwa wembe wa kuchongea penseli, polepole, mpaka karatasi ikaanza kutoboka, naye akainama kuhakikisha kwamba hata herufi ya mwisho imekwisha. Kisha akachukua kapu lake.

Ukija leo Tengelea ukauliza maoni ya wananchi juu yangu, watu mia nne na kumi na wawili watakuambia kwamba mimi ni mtu mwema, na nikipita sokoni wanasimama. Yuko mmoja mwenye maoni tofauti. Lakini huyo, kwa mujibu wa Tangazo Namba 8, hapitii kwa mtu yeyote, na kwa hiyo haulizwi.